Nyota moja, na hiyo ni ya dereva

Nilijiapiza nisiandike maoni haya kuhusu kampuni ya basi iliyonibebea kifurushi nikiwa na hasira. Nimeshindwa. Kila nikimkumbuka yule kijana wa dirisha la vifurushi, damu inachemka upya.

Kisa ni upinde wa marehemu baba. Ni Bear, wa Marekani, wa enzi zile kiwanda kikiwa bado Grayling huko Michigan, kabla hakijahamia Florida mwaka 1978. Kwa miaka ulikuwa unaning'inia ukutani kwa kaka, Mbagala. Nikamwambia anitumie huku Mtwara, nilenge viroba vya makumbi nyuma ya nyumba kama alivyokuwa akifanya mzee. Akauzungushia kanga mbili, akautia kwenye boksi, akaandika kwa maka peni, herufi kubwa: USIWEKE KITU JUU.

Basi liliingia jioni, kwa wakati wake. Dereva simlaumu, ile nyota ni yake. Lakini boksi langu lilivutwa kutoka chini ya mifuko ya salfa ya mikorosho. Chini, jamani! Limegeuka manjano, limebonyea katikati, na yale maandishi ya kaka yanasomeka vizuri kabisa chini ya vumbi.

Nikafungua palepale kaunta. Mkono wa juu wa upinde, ukingoni, faiba imeachana na mbao kwa urefu wa kidole cha shahada. Nikafumba jicho moja nikautazama kwa urefu kama seremala anavyotazama ubao: mkono wenyewe umepinda kwa ubavu.

Kijana akautazama, akaniambia, "Mzee wangu, si upinde wa kuwindia panya huu? Kachonge mwingine, miti ipo."

Wenzake wakacheka. Panya wenyewe huku kwetu wanachimbwa, hawapigwi kwa mishale, kwa hiyo hata kutukana hajui. Nilipotaja fidia akaigeuza risiti, akanionyesha kwa kucha mstari mmoja mdogo nyuma: kinachovunjika ni juu ya mwenyewe. Hakusema hata pole. Neno lenyewe silabi mbili tu.

Nikaupeleka Mikindani kwa mzee mmoja anayetengeneza boti za faiba, maana nilijua seremala wa kawaida atanipaka gundi nyeupe ya mbao na siku ya kuvuta utanirukia usoni. Mzee akaugonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kutoka mpinini hadi nchani. Ko, ko, ko. Alipofika kwenye ufa sauti ikawa tupu. Akasafisha ufa kwa spiriti, akachanganya ile gundi ya mirija miwili, akaiingiza ndani kwa ncha ya wembe, kidogo kidogo, mpaka ikachungulia upande wa pili. Kisha akauviringisha kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vimekazwa kama bandeji, akaulaza kivulini siku nzima na usiku wake.

Kesho yake tukaushughulikia mpindo. Akaumwagia maji ya moto, si ya kuchemka maana joto likizidi gundi ya kiwandani nayo inaachia, akausokota kinyume na kuushikilia hadi ulipopoa. Mara tatu. Ndipo akasema neno lililonikata maini.

"Ufa ni wa juzi, mwanangu. Ila mpindo huu ni wa siku nyingi. Tazama vanishi, haijakatika popote."

Nikanyamaza. Nilimwona baba, anapitisha mguu kati ya upinde na upote, ule uzi wake, anaukunja pajani, anatundika kitanzi. Kila Jumapili hivyo. Ukitundika kwa namna hiyo, mkono mmoja unavutwa kwa ubavu, na miaka ikipita haurudi. Na kaka naye angeufunga kwenye ubao yasingetokea haya yote. Basi nikasema moyoni, nusu ya kosa ni yetu, niwaongezee hawa watu nyota ya pili.

Nilipita stendi siku hiyohiyo kumchukua shemeji. Yule kijana akaniona, akapaza sauti: "Mzee wa panya! Umeshachonga?"

Nimeirudisha nyota yangu.

Mzee wa Mikindani namtafutia zawadi. Elfu ishirini na tano alizochukua zinanitia aibu, ingawa alitaka kunifungia uzi wa nyavu badala ya upote, tukagombana kidogo. Pinde hizi za zamani zinataka upote wa dakroni, uzi wa kiwandani unaovutika. Nyuzi ngumu za kisasa zinapasua ncha.

Dakroni ninayo. Mishale ndiyo ingali Mbagala kwa kaka. Kama kuna mtu anakuja Mtwara na gari yake mwenyewe, aniambie.