Spektroskopu ya boksi ya Ngamiani: inafaa kwa sodiamu, si kwa hidrojeni

Kwenye maduka ya vifaa vya shule huku Ngamiani, Tanga, inauzwa spektroskopu (kifaa cha kutawanya mwanga katika rangi zake) ya boksi gumu: upande mmoja mwanya, upande wa pili utando wa plastiki wenye mistari 600 kwa kila milimita, na kati yake sentimita 30. Kikaratasi cha ndani kinaahidi kwamba utaona athari za uhusianifu (nadharia ya Einstein ya mwendo wa kasi kubwa) kwenye mwanga wa sodiamu na wa hidrojeni. Ahadi ya kwanza inatimia, ukikubali kukirekebisha kifaa. Ya pili haiwezekani.

Sodiamu ndiyo inayofanya kifaa hiki kistahili kununuliwa. Njano yake ni mistari miwili, nanomita 589.0 na 589.6. Chanzo ni spini ya elektroni (mzunguko wake wa asili) kufungamana na mwendo wake kandokando ya kiini, na katika mlinganyo wa Dirac wa 1928, unaoieleza elektroni kwa kufuata uhusianifu, hili linajitokeza lenyewe, bila kuongezwa kitu. Kiini kinavuta sawasawa pande zote, lakini huo ulinganifu wa mzunguko hauhifadhi tena mzunguko wa obiti peke yake wala spini peke yake. Unahifadhi jumla yao, j. Ndiyo maana ngazi ya 3p, ngazi ya nishati ambamo elektroni huanzia inapotoa mwanga huu wa njano, inapasuka kuwa j = 3/2 na j = 1/2, zikiachana kwa eV 0.0021 (eV, elektronivolti, ni kipimo cha nishati).

Boksi lilivyo dukani halionyeshi mpasuko huo. Mwanya wake ni kama nusu milimita, na mistari yote miwili inazama katika utepe mmoja mnene. Toa utando, uusimamishe kwenye kishikio, kisha tengeneza mwanya mpya kwa nusu mbili za wembe zilizotenganishwa kwa unene wa karatasi moja ya kawaida ya kuchapia, takribani milimita 0.1. Uweke sentimita 60 kutoka kwenye utando, sambamba kabisa na mistari yake. Usitazame rangi za kwanza, tazama za mpangilio wa pili, yaani seti ya pili ya rangi, iliyo mbali zaidi na mwanya, kwenye nyuzi 45: kwa umbali huo zinaonekana kama ziko sentimita 60 pembeni mwa mwanya. Hapo mistari inaachana kwa takribani dakika 3.5 za pembe (nyuzi moja ni dakika 60), na jicho zima linahitaji kama dakika moja tu. Ukibaki na sentimita 30 utapata shida nyingine: kwenye nyuzi 45 utando unaifanya taswira ionekane iko sentimita 15 tu, na watu wengi waliopita miaka arobaini hawawezi kuitazama bila miwani ya kusomea.

Kwa mwanga, tumia taa ya spiriti na utambi uliochovywa maji ya chumvi. Chumvi ya mawe ya hapa pwani ikitiwa kavu hurukaruka motoni, kwa hiyo iyeyushe kwanza. Ziba upepo wa baharini, na usiiongeze spiriti taa ikiwa inawaka, maana mchana mwali wake unaweza usionekane.

Usizidishe chumvi, na hapa ndipo penye utamu wa jaribio zima. Ngazi ya j = 3/2 ina hali nne, ya j = 1/2 ina mbili, kwa hiyo mstari wa 589.0 unatakiwa kung'aa mara mbili ya mwenzake. Huo ni ulinganifu unaouona kwa macho. Chumvi ikiwa nyingi, atomi za mwali hunyonya mwanga wao wenyewe, mstari wenye nguvu hunyonywa zaidi, na miwili huelekea kulingana.

Hidrojeni sasa. Mpasuko wa ngazi yake ya pili ni eV 0.000045, yaani nanomita 0.016 kwenye mstari mwekundu wa 656.3. Kuutenganisha kunataka uwezo wa mtengano (urefu wa wimbi ukigawanywa kwa tofauti ya mistari miwili) wa kama 41,000. Mboni ya milimita 4 inapokea mistari 2,400 ya utando, na hata mpangilio wa pili unafika 4,800 tu. Sodiamu inataka 1,000. Kununua bomba la hidrojeni na umeme wake wa volti elfu kadhaa kwa ajili ya mpasuko huo ni kupoteza fedha. Kwa mistari ya kawaida ya Balmer, ile ya hidrojeni inayoonekana kwa macho, bomba hilo linafaa sana.

Kikaratasi nacho kina kosa ambalo mwalimu asilipitishe. Mchoro wa nishati ni sahihi: elektroni huru kuanzia MeV 0.511 (MeV ni eV milioni moja) kwenda juu, nishati hasi kuanzia −0.511 kwenda chini, na pengo la 1.022 kati yao. Lakini maelezo yanaiweka −13.6 eV ya hidrojeni kwenye lile eneo la chini. Hapana. Kwa Dirac, elektroni iliyofungwa ina eV 510,999 kasoro 13.6: chanya, ndani ya pengo, chini kidogo tu ya ukingo wa juu. Eneo la chini ndilo lililoelekeza kwenye positroni, chembe kama elektroni lakini yenye chaji chanya, aliyoigundua mwanafizikia Carl Anderson mwaka 1932.

Kabla ya kulipa, inua utando kwenye taa ya duka. Rangi zitokee pande zote mbili kwa nguvu inayokaribiana. Wenye alama za vidole ukatae, maana kuufuta kunasaga mistari. Nyembe zipake mafuta kidogo, kwa hewa ya Tanga hazichelewi kushika kutu.