LED au CFL: ipi nafuu kweli?

Balbu ya CFL, ile yenye mrija uliojisokota, wakati mwingine huuzwa rahisi kuliko LED. Bei hiyo isikuvute. Kwa mwanga wa lumeni 800 hivi (lumeni ni kipimo cha mwanga), ambao balbu ya zamani ilikula wati 60, CFL hutumia wati 13 hadi 15. LED hutosheka na 8 hadi 10. Tena CFL huchelewa kung'aa, na kuwashwa na kuzimwa kila mara, kama chooni, huifupishia maisha. Ina zebaki pia, metali yenye sumu: ikivunjika, fungua madirisha kwanza, wala usiokote vipande kwa mikono mitupu. LED haina zebaki. Mimi nachagua LED, ila isiyoandikwa lumeni kwenye boksi naiacha, hata iwe rahisi vipi.