Baa za vijijini Uingereza: nyota tano, ila wahi kabla jiko halijafungwa

Jamani kama uko Uingereza na kila wikendi unaishia London tu, toka huko, panda mpaka Tan Hill Inn kule Yorkshire Dales, vilimani kaskazini mwa England, ndo baa iliyo juu kuliko zote nchini, mita 528 toka usawa wa bahari, majirani zako ni kondoo na upepo. Novemba 2021 theluji ilifunga barabara, wateja wakalala humo siku tatu pamoja na bendi iliyokuja kupiga nyimbo za Oasis, lile kundi la rock la Uingereza. Mi ningeomba izidi kuanguka.

Nyingine ni Fleece Inn, kijiji cha Bretforton. Mwenyewe alipofariki 1977 akaiachia National Trust, shirika linalotunza majengo ya kale. Cheki sakafuni karibu na moto, kuna miduara myeupe, eti wachawi wasishukie kwenye bomba la moshi. Kumbe wazungu nao!

Msosi nenda Jumapili: nyama ya kuoka, viazi vya kwenye oveni na Yorkshire pudding, ambayo wala sio tamu, ni kama kibakuli cha unga, mayai na maziwa kilichovimba, unamwagia mchuzi humo humo, nje inalia kra kra ndani laini. Bia ya pipa haiji ya barafu, usigombane nao.

Na usikae unasubiri mhudumu, unaagiza kaunta. Kuna baa moja siitaji jina, nilikaa dakika 20 nikidhani nimedharauliwa, kuinuka jiko limeshafungwa, nikaishia kula krispi za chumvi na siki.