Uzoefu wangu: kulala Xizhou katika nyumba ya ua ya Wabai

Ukienda Dali, mkoani Yunnan, kusini magharibi mwa China, na mfuko wako unaruhusu usiku mmoja au miwili tu ya hoteli nzuri, pesa hiyo usiimalizie mji mkongwe. Panda gari uende Xizhou, kama kilomita 18 kaskazini yake, utafute nyumba ya zamani ya Wabai, kabila la wenyeji wa huko, iliyokarabatiwa ikawa hoteli, ulale humo. Ndivyo nilivyofanya, na hapa naandika yale ambayo ningependa kuambiwa kabla sijalipa.

Kufika si kazi. Treni ya mwendo kasi kutoka Kunming, mji mkuu wa Yunnan, iliyoanza mwaka 2018, huchukua kama saa mbili hadi stesheni ya Dali, ambayo iko Xiaguan, kusini mwa ziwa Erhai. Hapo unachukua teksi au basi kwenda kaskazini, ziwa likiwa kulia na milima ya Cangshan kushoto. Mapokezi watachukua pasipoti yako wakuandikishe polisi. Hiyo ni sheria kwa kila mgeni anayelala China, usishtuke. Malipo ni kwa simu, kwa hiyo unganisha kadi yako na Alipay au WeChat, programu za simu za kulipia, ukiwa bado nyumbani.

Sasa nyumba yenyewe. Imejengwa kwa mpango ambao Wabai wameutumia vizazi vingi, sanfang yi zhaobi: majengo matatu ya ghorofa yanauzunguka ua, na upande wa nne unafungwa na ukuta mweupe, zhaobi, uliosimama peke yake, wenye paa dogo la vigae na michoro ya wino. Jengo kuu limeipa mgongo Cangshan, kwa sababu upepo mkali wa huko hushuka kutoka magharibi. Kwa hiyo linatazama mashariki, na jua likishapita utosi vyumba vyake vilipaswa kuwa na giza. Haviwi. Ukuta ule mweupe unalipokea jua la alasiri na kulirudisha ndani, hadi kwenye kuta za nyuma za vyumba. Nilikaa barazani nikitazama mwanga ukipanda taratibu kwenye milango ya nakshi, na nikaelewa kwa nini hawakutundika taa kubwa uani. Wangetundika, wangeharibu kila kitu.

Sisi wa pwani tunazijua nyumba zinazotazama ndani. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu nazo zina ua, ila ua wetu ni wa kutafuta kivuli na upepo kwa kuwa adui wetu ni joto. Xizhou iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na adui ni baridi. Ua wao ni mpana na umeachwa wazi makusudi, ili jua liingie lote na upepo ubaki nje. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja ataikuta hesabu ileile imepigwa kinyume, na mimi jambo hilo lilinipa furaha kubwa.

Fremu yote ni ya mbao, nguzo na boriti zikishikana kwa ulimi na tundu. Mwaka 1925 tetemeko kubwa liliipiga Dali, na eneo hilo halijaacha kutikisika. Fremu ya namna hii huyumba pamoja na ardhi, na ukuta unaweza kubomoka paa likabaki juu. Mafundi waliokarabati hoteli hii wameiacha fremu ionekane. Penye boriti iliyooza wamekata kipande kilichokufa tu na kuunga mbao mpya, bila kuipaka rangi ya kuificha. Unaona kabisa wapi pa zamani na wapi pa jana. Nawapongeza kwa moyo wote, kwa kuwa nimeona majengo mengi ya kale yaliyopakwa varnishi hadi hayana umri tena.

Kwenye zhaobi kuna maandishi yanayoitambulisha familia iliyojenga. Nyumba yetu ilikuwa ya ukoo wa Zhang, nao huandika bairen jiafeng, yaani desturi ya nyumba hii ni subira mia moja. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 7 Mfalme Gaozong wa nasaba ya Tang alimtembelea mzee Zhang Gongyi, ambaye vizazi tisa vya familia yake viliishi pamoja, akamuuliza wanawezaje. Mzee akachukua brashi akaandika neno subira mara mia.

Hilo hakunieleza mtu wa mapokezi. Vijana wale ni wakarimu na wana haraka ya kusaidia, lakini wengi wametoka mikoa mingine, na nilipouliza habari za nyumba walinipa kikaratasi chenye nywila ya intaneti na saa za chakula. Aliyenieleza ni mama mtu mzima anayefagia ua, kupitia programu ya kutafsiri kwenye simu. Matajiri wa Xizhou walipata mali kwa biashara ya chai na hariri hadi Burma. Baada ya 1949 nyumba kama hizi zilichukuliwa na kugawiwa. Yeye alizaliwa humohumo, wakati familia kadhaa zilikuwa zikipika ndani ya ua mmoja, na akanionyesha nguzo ambayo moshi wa jiko lao umeitia weusi. Hoteli yenye hazina kama hiyo inampa ufagio tu. Wangemwomba akae na wageni nusu saa kila jioni, wakamlipa kwa kazi hiyo, hakuna kikaratasi kingehitajika.

Kasoro nyingine ni mashuka ya mapambo vitandani. Yana rangi ya nili na maua meupe kama vitambaa vya Wabai, lakini yamechapwa na mashine. Zhoucheng, kijiji ambacho wanawake wake hufunga kitambaa kwa uzi fundo kwa fundo kabla ya kukichovya, kiko jirani tu. Kwa bei wanayotoza, hapo sina la kuwatetea.

Kelele utazisikia. Sakafu ni mbao, kuta za ndani ni mbao, na jirani akikohoa unajua. Usiku ni baridi, ila kuna blanketi la umeme chini ya shuka na linatosha.

Kifungua kinywa ni uji wa mchele, mayai, na rushan, jibini ya maziwa ya ng'ombe iliyotandazwa nyembamba ikakaushwa juani. Sokoni utakuta mkate wa Xizhou uitwao "baba", wa duara, unaookwa kwa makaa juu na chini kama mkate wa kumimina. Waislamu wenzangu, angalieni: hupakwa mafuta ya nguruwe, hata ule mtamu, na wa chumvi huwa na nyama yake. Chakula halali kipo mji mkongwe wa Dali, ambako Wahui, Waislamu wa China, wana msikiti na migahawa yao. Chai ya vikombe vitatu ya Wabai niliinywa bila wasiwasi: cha kwanza kichungu, cha pili kitamu kwa sukari guru na kokwa za jozi, cha tatu kina asali, tangawizi na pilipili ya Sichuan inayofanya ulimi uwe na ganzi. Niliomba cha tatu tena.

Hoteli za kando ya ziwa zina mandhari, sikatai. Lakini mwaka 2017 mamlaka zilifunga nyingi za kando ya Erhai kwa sababu ya maji machafu, na mimi naona afadhali nilale ndani ya mji, nitembee kwa miguu kupita mashamba hadi majini.

Kabla hujalipa, uliza jambo moja: chumba kiko jengo la zamani au jipya? Nyuma ya ua wameongeza jengo la zege lililobandikwa mbao, na picha za mtandaoni hazilitofautishi. Omba ghorofa ya juu ya jengo kuu, linalotazama zhaobi. Nililipa karibu yuan 900 kwa usiku na sijutii hata moja. Kwa chumba cha kule nyuma nisingetoa nusu yake.