Feni, dima na simu: ununue nini hapa Lubumbashi

Shemeji yangu wa Kampemba alinunua dima ya taa, kifaa cha kupunguza mwanga, ile inayoongozwa kwa simu, akaifunga kwenye feni ya kutolea moshi jikoni. Mwendo wa juu, hakuna neno. Aliposhusha hadi asilimia 30, mapanga yakaanza kutetemeka palepale bila kuzunguka, feni inavuma kama nzi ndani ya chupa. Akaiacha hivyo, akaenda zake sokoni. Kurudi, kifuniko cha mota hakishikiki kwa joto na jiko zima linanuka vanishi iliyoungua. Muuzaji alikuwa amemwambia dima ni dima tu.

Si kweli. Dima ya taa hukatakata wimbi la umeme, mara 100 kwa sekunde kwa huu umeme wetu wa volti 220 na hezi 50. Balbu ya kizamani ya waya haijali. Lakini feni nyingi za kawaida zina mota ya induksheni, ambayo mwendo wake hufuata zaidi hezi na idadi ya nguzo zake za sumaku kuliko volti. Ukiikatia volti unainyang'anya nguvu: inazubaa, inanguruma, inachemka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kifaa kina Wi-Fi, jua kwanza una mota gani. Piga picha kibandiko cha mota uende nayo dukani.

Hivi ndivyo ninavyovipanga, kuanzia ninachokipenda.

Cha kwanza, kwa asiye na feni bado: nunua feni ya dari yenye mota ya BLDC, yaani mota ya umeme wa DC isiyo na brashi. Herufi hizo utaziona kwenye kartoni. Mota hiyo ina ubao wake wa elektroniki unaopanga mwendo, huja na rimoti, na baadhi zina Wi-Fi humohumo. Feni ya dari ya zamani hula wati 70 na kitu. Ya BLDC hula kama 30 tu ikiwa mwendo wa juu. Anayelala kwa betri na sola ataiona tofauti hiyo Septemba na Oktoba, mvua haijaja na bati halijapoa hata saa nne usiku. Ila isifungwe nyuma ya dima wala regileta ya ukutani (kile kitufe cha kupanga mwendo), utaua ubao. Na ubao ukifa, fundi wa mtaani atakuwa hana la kufanya, wakati feni ya zamani angebadilisha kapasita, kile kikopo kidogo kinachosaidia mota kuzunguka, wewe ukaenda kulala.

Cha pili, kwa mwenye feni ya dari nzima asiyetaka kuitupa: kidude cha kapasita kinachokaa juu, ndani ya kikombe cha feni. Kinachojulikana zaidi ni Sonoff iFan04. Hakikati wimbi, kinabadilisha kapasita, hivyo unapata mwendo wa aina tatu, basi. Watu wanalalamika kuwa ni michache. Mimi nimeishi na feni miaka yote hii na sijawahi kuhitaji wa nne. Soma herufi ya mwisho: H ndiyo ya volti zetu, L ni ya nchi za volti 110 hadi 120. Kinatumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4, na kina rimoti ya redio, kwa hiyo bando likiisha hulazimiki kulala na joto.

Nakipenda pia kwa sababu ya nyumba zetu zilivyofungwa waya. Hapa Lubumbashi nyumba nyingi za mtindo wa Kibelgiji zina fezi, waya wenye moto, peke yake kwenye swichi. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, imepita juu darini. Vifaa vingi vya ukutani vinataka nyutro, na fundi atakuambia avunje ukuta. Halafu kuna suala la kisanduku cha swichi ukutani: chetu ni cha duara, na mali inayoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara nyingi imetengenezwa kwa kisanduku cha mraba cha Kiingereza. Utabaki na kifaa kinaning'inia kwa nyaya. Ndugu wa Marekani wakitaka kukutumia Lutron Caséta ya feni, washukuru uikatae: ni ya volti 120.

Cha tatu ni cha jikoni na migahawa: regileta ya transfoma yenye hatua tano. Ni sanduku zito, baya kwa sura, halina akili yoyote, lakini linashusha volti bila kulikatakata wimbi, hivyo feni hainung'uniki. Hakikisha tu kwamba mtengenezaji wa feni anaruhusu mota yake ishushiwe volti. Ukitaka simu, weka rilei ya Wi-Fi mbele yake ya kuwasha na kuzima, mwendo uchague kwa mkono. Na mahali panapopikwa bukari (ugali) kwa mbabula, jiko la makaa, usipunguze mwendo ili kuokoa umeme. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na moshi ukiisha, gesi hiyo inaweza kuwa bado ipo.

Cha nne, dima ya mota yenyewe, imeandikwa hivyo kwenye lebo. Nayo inakata wimbi, ila imetengenezwa kwa mzigo wa koili na ina skrubu ya kuweka mwendo wa chini kabisa. Inaifaa feni ndogo ya ukutani. Mwambie fundi aiweke skrubu pale ambapo feni bado inaanza kuzunguka yenyewe kutoka kusimama. Asipofanya hivyo, yatakukuta ya shemeji.

Cha mwisho ni dima ya taa, na nimeshaisema.

Bafu halimo katika mashindano haya. Pale huhitaji mwendo, unahitaji muda: rilei yenye saa, iiache feni izunguke dakika 15 baada ya mtu kuoga, ukungu wa ukutani utapungua. Rilei ni rahisi kuliko dima yoyote.

Kama nyumba yako inaendeshwa na onduleri, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, uliza kama inatoa wimbi safi la sainusi. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazingazi, na hapo hata kifaa kizuri kitavuma na kapasita zitachoka mapema. Ndani ya programu tafuta mpangilio wa umeme unaporudi, uweke feni ibaki imezimwa. Volti huwa zinayumba dakika za kwanza. Na ukienda kulipa kwa dola, chagua noti safi. Yenye mpasuko hata kidogo utarudi nayo nyumbani.

Shemeji sasa ana sanduku la hatua tano, limefungwa ukutani mbali na mvuke. Dima yake ameihamishia sebuleni, na tangu aliponunua balbu za LED zinazokubali kupunguzwa, haijamsumbua.