"Hawa Ni Watoto Tu": Uzoefu Wangu na Wakala wa Ziara za Shule

Nimeahirisha kuandika haya kwa majuma kadhaa nikingoja hasira zipoe, lakini kila nikishika kalamu naisikia upya sentensi ile moja, na hasira zinarudi pale pale zilipokuwa. Muhula uliopita shule yetu ilimtumia wakala anayejinadi kuwa bingwa wa kuandaa ziara za kiutamaduni na za mazingira kwa wanafunzi. Jina lake nitalihifadhi.

Ombi letu halikuwa kubwa. Tulikuwa na wanafunzi 41 na walimu 4, na tulitaka siku moja tu: asubuhi msituni, alasiri makumbusho. Mpangilio huo haukuwa wa kubahatisha. Ndege huimba na kuhangaika kutafuta chakula alfajiri na katika saa za mwanzo za asubuhi. Jua likishapanda, wengi hutulia vivulini, na msitu uliokuwa na kelele kama za soko hunyamaza. Makumbusho, kwa upande wake, hayajali saa, kwa maana mtungi wa kale utakuwa pale pale saa tatu au saa tisa, tena ndani ya jengo lenye paa na kivuli. Kwa hiyo mtu yeyote anayepanga siku yenye mambo hayo mawili huanza na lile lisilosubiri. Nililieleza hilo kwa maandishi, mratibu wa wakala akajibu kwamba ameelewa, nami nikatumia vipindi vingi kuwaandaa wanafunzi. Kila mmoja alichagua ndege wake wa kumsikiliza, akamchora kwenye karatasi, na wote wakajizoeza kukaa kimya dakika 5 bila kutikisika, jambo ambalo aliyewahi kufundisha watoto wa miaka 10 atakubali kwamba linakaribia muujiza.

Siku ilipowadia, basi lilifika kwa wakati, fomu za ridhaa za wazazi zilikuwa kamili, na pampu za wenye pumu zilikuwa kwenye mkoba wangu. Basi likakata kona kuelekea mjini. Nilikwenda kiti cha mbele nikidhani dereva amepotea njia, nikamkuta mratibu ameinamia simu. Bila kuinua uso alinieleza kwamba ratiba imegeuzwa kwa sababu mwongozaji wa msituni alikuwa amepewa kundi la shule nyingine asubuhi hiyo. Nilimuuliza kwa nini hatukuarifiwa mapema. Ndipo akasema, kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma: "Mwalimu, hawa ni watoto tu. Hawatajua tofauti."

Walijua. Msichana aliyeketi nyuma yangu, ambaye siku zote hizo alikuwa akituimbia mlio wa ndege wake hata wakati wa hesabu, aliikunja karatasi yake mara nne na kuitia mfukoni. Hakusema neno. Ningependelea alie.

Sijui kama niliyoyaona baadaye pale makumbusho yalikuwa mabaya kweli au ni mimi niliyekuwa nimekwisha kukasirika. Mlangoni tulizuiwa kwa sababu watoto wote walikuwa na kalamu za wino, na vyumba vile viliruhusu penseli peke yake. Sheria hiyo ni ya haki kabisa, kwani wino ukidondokea nguo au waraka wa kale hautoki, lakini kumwarifu mwalimu juu ya sheria hiyo ndiyo kazi hasa ambayo wakala hulipwa kuifanya. Mlinzi mmoja mwenye huruma alitutafutia penseli 12, zikawa zinazunguka mkono kwa mkono. Katika chumba cha nguo za kale watoto walilalamika kwamba kuna giza, na mratibu, badala ya kueleza, alipiga makofi akisema, "Twendeni, twendeni." Ilibidi nieleze mwenyewe kwamba giza lile limewekwa kwa makusudi: mwanga hufifisha rangi za vitambaa na karatasi, madhara yake hujilimbikiza bila kurekebishika, na ndiyo maana makumbusho mengi hujitahidi kutozidisha takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) juu ya vitu vya aina hiyo. Mvulana mmoja aliuliza kama nguo ile inazeeka kidogo kila tunapoitazama. Lilikuwa swali la kukaa nalo saa nzima, nasi tulikuwa tumeshaanza kusukumwa kuelekea ngazi.

Tuliingia msituni jua likiwa la utosi. Hapakuwa na mlio. Watoto walikaa kimya dakika zao 5 kama walivyofundishwa, wakasikiliza majani. Kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kutoa hukumu kichwani: nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwongozaji tuliyepewa, mama wa makamo aliyevaa viatu vya mpira, aliziona zile karatasi za ndege na akaelewa mara moja kilichotokea. Hakujitetea, wala hakumsema vibaya mwenzake mbele yetu. Aliwaambia watoto kwamba ndege wamepumzika, lakini wako wasiopumzika mchana, kisha akatupeleka kwenye gogo lililooza. Aliwaonyesha namna ya kulibingirisha kwa kulivuta upande wao, ili kiumbe chochote kilichojificha chini yake kipate njia ya kukimbilia upande wa pili, na akawaapisha kwamba litarudishwa lilivyokuwa kwa sababu hilo ni paa la nyumba ya mtu. Chini yake palikuwa na nyuzi nyeupe za kuvu, mchwa, na majongoo. Aliwafundisha kumtofautisha jongoo na tandu kwa kutazama miguu: jongoo ana jozi mbili katika pingili nyingi za mwili wake, tandu ana jozi moja, na tandu huuma. Akaongeza kwamba mwaka 2021 wanasayansi walitangaza jongoo wa Australia, aliyepatikana mita 60 chini ya ardhi, mwenye miguu 1,306. Yule msichana wangu akapiga magoti, akatoa ile karatasi iliyokunjwa, akaigeuza upande wa pili na kuanza kuhesabu.

Tulikuwa na dakika 50 tu. Mratibu alipuliza filimbi msichana akiwa amefika mguu wa 64.

Basi nishauri nini? Nilipoanza kuandika nilikusudia kumwambia kila mwalimu amkimbie wakala huyu kama moto. Sasa nikikumbuka lile gogo, nasita. Wanafunzi wangu, nilipowapa kazi ya kuandika kuhusu ziara ile, karibu wote waliandika habari za jongoo, na ni wachache mno waliogusia kugeuzwa kwa ratiba. Huenda mratibu akasoma haya akatabasamu na kusema kwamba si alisema. Hapana, bwana. Siku ile iliokolewa na mtu mmoja aliyewaheshimu watoto, baada ya kuharibiwa na mwingine aliyewadharau wakiwa wanamsikia, na sikubali wa pili ajivishe sifa za wa kwanza. Malalamiko yangu yalijibiwa kwa ujumbe wa mstari mmoja unaosema kwamba maoni yangu yanathaminiwa. Neno "samahani" halimo.

Juzi msichana yule aliniuliza kama tukienda tena alfajiri ndege watakuwepo. Nikaandika kwa wakala kuuliza kama tunaweza kumpata yule mama peke yake, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, bila basi lao na bila mratibu wao. Wamejibu kwamba yeye hupatikana kupitia kwao tu, na kwamba mratibu wa eneo letu ni yule yule. Barua hiyo iko mezani kwangu, na bado sijaijibu.