Mashine ya boti ya mapigo manne: mwaka wa tatu nayo

Nilitoka kwenye mashine ya mapigo mawili (ile ya kuchanganya oili kwenye petroli) nikaingia ya mapigo manne (oili yake inakaa peke yake), zote hosipawa 40, boti ni ile ile. Siku za mwanzo nilikuwa nazungusha ufunguo mara ya pili, meno ya stata yanalia krrr, kumbe ilishawaka kitambo. Ukizoea ngurumo na moshi wa bluu, ukimya wa namna hii unatia wasiwasi.

Kilichonihamisha ni mafuta. Safari iliyokuwa ikimaliza dumu la lita 20 sasa narudi na lita sita, mara nyingine saba. Ila nisikudanganye, unafuu huo uko kwenye mwendo mdogo na wa kati. Ile ya zamani ya kabureta ikienda taratibu ilikuwa inatema petroli mbichi pamoja na moshi. Hii ina vali, kinachoingia kinafungiwa ndani mpaka kiungue. Ukifungulia gesi yote (mkono wa kuongeza mwendo) safari nzima, tofauti inapungua mpaka utajiuliza ulibadilisha ya nini. Mimi boti ikishanyanyuka juu ya maji narudisha gesi hadi mizunguko 4,000 hivi kwa dakika, natulia hapo.

Propela nayo ilinila miezi ya mwanzo. Kitabu cha mashine yangu kinataka gesi yote ifikishe mizunguko 5,000 hadi 6,000. Yangu ilikuwa inagota 4,600 huku inalalama. Nikafunga propela yenye mwinamo mdogo zaidi, yaani inayosukuma boti hatua fupi kwa kila mzunguko, ikapumua, na mafuta yakashuka tena kidogo.

Sasa matunzo, hapo ndipo wengi wananuna. Huchanganyi tena oili kwenye petroli, lakini una oili ya kumwaga: ya kwanza baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au mwaka, kitakachotangulia. Hilo la mwaka ni la watu wa matembezi. Mtu wa kazi, mashine inayounguruma saa tatu au nne kwa siku, siku tano kwa wiki, saa 100 zinatimia wiki ya sita. Natia oili ya uzito wa 10W-30 ya mashine za boti, si ya gari, na kijiti nakipima mashine ikiwa wima.

Oili ya gia niliipuuza mara moja tu. Nilipofungua boliti ya chini ilitoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yameshaingia. Fundi akavua propela, tukakuta mshipi wa kuvulia samaki, wa nailoni, umejisokota kwenye shafti, umebana hadi umekata sili, mpira unaozuia maji yasiingie. Kipande cha mpira kidogo hivyo, na ningeendelea nayo wiki chache tu ningenunua gia nzima.

Lawama yangu kubwa ni uzito. Inakaribia kilo 100, kuibeba ni watu watatu na kugombana juu. Tena usiilaze ubavu wowote tu, oili itapanda kwenye silinda. Kitabu kinaonyesha upande.

Mengine ni mazoea: kuisuuza kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila ukitoka baharini, na kuangalia ule mchirizi wa maji nyuma unaoonyesha maji ya kupoza mashine yanazunguka. Ukififia, zima, uangalie kama njia imeziba au impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, imechoka.

Mshipi bado naukuta karibu kila ninapovua propela. Siku hizi natembea na kisu kidogo cha kazi hiyo tu.